Shajara ya IST: nataka kujua mafuta yanaenda wapi

28 Juni 2025

Leo ndo naanza rasmi. Gari ni Toyota IST ya 2004, cc 1298, oto, nipo nayo mwaka wa nne, na miaka yote hiyo ukiniuliza inakulaje ningekujibu "inabana tu vizuri" kama kila mwenye IST anavyojibu, na sijawahi kupima hata siku moja.

Kilichoniamsha ni safari ya Sengerema Jumamosi iliyopita kwenda kumsalimia bi mkubwa. Zamani safari ile ikinila mafuta nilikuwa na wa kumlaumu, pantoni. Unafika Kigongo unakuta foleni ya magari, unakaa lisaa, mawili, watoto wanalia joto, unaacha injini inanguruma ili AC ipige, ukirudi nyumbani Buhongwa, hapa Mwanza, mshale wa mafuta umelala unasema aah kivuko hiki. Sasa daraja la Kigongo mpaka Busisi limefunguliwa mwezi huu, kilomita 3 juu ya ziwa, unavuka huku bado unatafuta wimbo kwenye redio, na mshale umeshuka vilevile! Mke wangu akaniangalia akasema "baba watoto, leo pantoni ilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwahiyo mradi ni huu, kupima kwanza afu kubadili kitu kimoja kimoja, nione kipi kinasaidia kweli na kipi ni stori za kijiweni.

Namna ya kupima: najaza ful tanki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, hapo hapo basi, yule dada wa sheli nimeshamwambia asinishindilie ati ifike namba nzima. Nazero tripu A, kile kihesabu kilomita cha safari kwenye dashibodi. Wiki ijayo sheli ileile, pampu ileile, najaza tena, lita zilizoingia ndo nilizotumia, kilomita gawanya kwa lita. Sisi wengi tumezoea "niwekee ya elfu kumi", na ukiweka ya elfu kumi elfu kumi hutakaa ujue gari inakula nini, utajua tu kwamba hela imeisha.

19 Julai

Wiki tatu bila kubadili chochote, naendesha nilivyozoea. Buhongwa mpaka dukani mjini na kurudi, kupeleka watoto shule, kanisani, na mizigo ya dukani (nauza vifaa vya shule na ofisi).

5 Julai: km 214, lita 21.2, sawa na 10.1 kwa lita
12 Julai: km 198, lita 19.1, sawa na 10.4
19 Julai: km 226, lita 22.0, sawa na 10.3

Jumla km 638 kwa lita 62.3, yaani 10.2. Namba ya jumla ndo ninayoiamini, kwa sababu pampu inaweza kukata mapema au kuchelewa kidogo, na kwenye lita ishirini hata nusu lita inakudanganya.

Kumi! Jirani yangu ana Noah, gari kubwa kuliko langu, anasema inampa kumi. Najua na yeye hajawahi kupima ila roho imeniuma.

20 Julai

Nimeanza na vitu vya bure kabla sijamfikia fundi.

Upepo. Nimenunua geji yangu mwenyewe maana zile za vijana wa pancha kila moja ina maoni yake. Asubuhi tairi zikiwa baridi nikakuta 24, 26, 21 na 25. Stika ipo kwenye fremu ya mlango wa dereva, ukifungua tu unaiona, miaka minne naifungulia mlango sijawahi kuisoma. Ikiwa imeandikwa kPa gawanya kwa 6.9 unapata psi. Nimejaza kama ilivyoandikwa. Tairi lenye upepo mdogo linalala barabarani, linajikunja kila mzunguko, na kule kujikunja kunageuka joto, na joto hilo umelinunua wewe sheli.

Buti. Katoni nne za rimu za karatasi za A4 zilikuwa zimelala humo tangu sijui lini. Rimu moja ni kilo mbili na nusu, katoni ina tano, kwahiyo nimekuwa natembeza kilo 50 mjini bila nauli. Faida ya kuzitoa ni ndogo, kama asilimia moja hivi, ila ni aibu.

Afu hii sasa ndo imenichekesha. Kwenye dashibodi kuna taa ya njano imeandikwa O/D OFF, imewaka tangu naijua hii gari. Mimi nilidhani ndo inavyotakiwa iwake. Kumbe kile kitufe pembeni ya kishikio cha gia kikibonyezwa taa ikawaka maana yake umeizuia gari isiingie gia ya nne, na hiyo ya nne ndo gia ya kupumzika, injini inazunguka polepole gari linatembea. Ya kuizuia hiyo ya nne ni pale unashuka mlima mrefu au umebeba mzigo unapanda. Mimi nimeendesha na gia tatu miaka minne. Nimekibonyeza, taa imezimika, kule Nyashishi kwenye barabara iliyonyooka nimeona mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unashuka wenyewe, injini imekuwa kimya mpaka nikadhani imezima.

2 Agosti

26 Julai: km 219, lita 19.9
2 Agosti: km 207, lita 18.5

Jumla 11.1 kwa lita, kutoka 10.2. Sijatumia hela zaidi ya ile ya geji. Ila najua hapa nimerudisha tu gari kwenye hali yake, kuendesha bado naendesha vilevile.

3 Agosti

Leo nimekaa na karatasi, Jumapili imekaa vizuri, nikapiga hesabu ambayo imenikosesha raha kidogo.

Gari na mimi na mkoba wangu tuseme kilo 1,150. Kulitoa kwenye kusimama mpaka spidi 60 unahitaji nishati fulani, ukiipiga kwa ile fomula ya fizikia ya fomu three inakuja kama kilojuli 160. Lita ya petroli ina kama megajuli 32 lakini injini kwenye mizunguko ya mjini tuseme inafaidi robo tu, iliyobaki ni joto linalotokea kwenye rejeta na eksozi. Kwahiyo kila ukipanda mpaka 60 umetumia kama mililita 20, kijiko cha chakula na kidogo juu. Ukifika pale mbele ukakanyaga breki mpaka ukasimama, kile kijiko chote umekigeuza joto kwenye pedi za breki. Mara hamsini ni lita nzima.

Na ukiishia 40 badala ya 60 kijiko kinakuwa chini ya nusu, maana spidi inajizidisha yenyewe kwa yenyewe humo kwenye hesabu.

Sasa nikaanza kuhesabu breki zangu. Kutoka Buhongwa, Mkolani, kona ya Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo mpaka naingia mjini. Zebra, tuta, daladala imesimama ghafla konda anaita "Nyegezi Nyegezi", boda katokea pembeni, taa, tuta. Asubuhi moja nilihesabu nikafika 40 na kitu nikaacha maana nilikaribia kumgonga mtu nikihesabu. Halafu eti nilikuwa nasema mafuta yanakwenda kwenye injini.

Kwahiyo kuanzia kesho sheria ni moja, breki nione kama hela. Sio kwamba sifungi breki, mtu akikatiza nafunga mpaka mwisho. Ila ile breki ambayo ningeweza kuiepuka kwa kutoa mguu mapema, hiyo ndo naitafuta.

9 Agosti

Wiki ya kwanza ya mguu. Km 221, lita 18.3, sawa na 12.1.

Ninachofanya: naangalia mbele, sio bampa ya gari iliyo mbele yangu, naangalia mbele kabisa. Nikiona tuta la Mkolani lile mita mia au mia na kitu kabla natoa mguu kwenye mafuta, naacha gari lijiviringishe lenyewe, nikifika kwenye tuta nipo ishirini na kitu bila kugusa breki. Gari la mbele naliachia nafasi kubwa. Hiace zinaingia kwenye hiyo nafasi kila dakika, ziingie tu, natoa mguu kidogo nafasi inarudi. Mwanzoni iliniuma, unajisikia kama unaonewa, siku ya tatu nikazoea.

Kuondoka kwenye taa sikanyagi mpaka injini ilie lakini pia sijikokoti kama nimebeba mayai. Nakanyaga kawaida rpm zikae elfu mbili na kidogo, gia zinabadilika mapema zenyewe, nikifika spidi ninayotaka naishika hapo. Nilijaribu siku moja kuondoka pole sana nikaona gia inachelewa kupanda na nyuma wananipigia honi, hamna faida.

Nimeanza pia kutoka nyumbani saa kumi na mbili na robo badala ya saa moja kasoro. Kabla ya foleni ya Mkuyuni haijajifunga napita kama maji. Nafika mjini mapema nakunywa chai ya maziwa na chapati kwa mama mmoja pale karibu na duka, hiyo hela ya chapati sijaiweka kwenye hesabu za mradi na sitaiweka.

12 Agosti

Ubishi kijiweni leo. Fundi wangu, mzee wa Kisukuma mcheshi sana, anashikilia kwamba ukishuka mlima weka nyutro ndo unabana mafuta. Nikamwambia mzee, hiyo ilikuwa kweli kwenye gari za kabureta. Hizi za EFI, ambazo mafuta yanapimwa na kompyuta, ukitoa mguu gari ikiwa kwenye D inateremka, kompyuta inakata mafuta kabisa kwenye nozeli, injini inazungushwa na matairi, haili hata tone mpaka rpm zishuke karibu na sailensa, yaani ule mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama tu. Ukiweka nyutro ndo unailazimisha ijilishe yenyewe isizime. Zaidi ya hapo umebaki na breki peke yake, na mteremko kama wa pale Bugando breki zikichemka utatafuta mwamba wa kujigonga, na Mwanza miamba haina shida.

Akanisikiliza, akasema "wabeja (asante) bosi, lakini mimi nitaweka nyutro." Haya.

23 Agosti

16 Agosti: km 203, lita 16.2
23 Agosti: km 232, lita 18.4

Ukijumlisha na ile wiki ya kwanza ni km 656 kwa lita 52.9, yaani 12.4 kwa lita.

Suala la AC limeamuliwa ngazi ya familia. Mimi nilipendekeza mjini tufungue vioo, maana kompresa inakula nguvu ya injini na ukitembea 40 vioo wazi havina madhara, ni huko hailwei ndo upepo unaoingia unakuwa mzigo. Asubuhi upepo wa ziwa ni mtamu tu. Siku ya pili mke wangu kafika kazini na sare nyeupe imekuwa rangi ya barabara ya kwetu Buhongwa. AC inabaki, akiwepo. Nikiwa peke yangu vioo.

Kitu kingine nimeacha ni kuwasha gari nikiwasubiri watoto nje ya shule. Injini ndogo kama hii ikisimama tu inakula kati ya nusu lita na lita kwa saa, na AC juu yake inaongeza. Dakika ishirini kila siku, siku tano, hesabu mwenyewe. Sasa nazima natafuta kivuli cha mwembe, naongea na madereva wa bajaji.

30 Agosti

Wiki hii sikuendesha mimi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana mzuri tu, aliomba gari wiki nzima ana mambo yake ya usafirishaji wa harusi. Gari ileile, upepo nimepima mwenyewe Jumapili, O/D ipo sawa, pampu ileile.

Km 240, lita 23.8. Yaani 10.1.

Nimeitazama hiyo namba muda mrefu. Kila nilichopata tangu Julai kimeliwa chote, na chenji haijabaki. Nikamuuliza kwa upole, shem, unaendeshaje? Akasema "kawaida tu shem, kama wewe." Na kweli, ndo nilivyokuwa naendesha. Jioni nilikaa naye kiti cha abiria mpaka Nyegezi, ni mafuta breki mafuta breki, kila Hiace ikimpita lazima airudishe, tukafika kwenye taa pamoja na ileile Hiace.

6 Septemba

Nimelirudisha mkononi. Km 205, lita 16.4, sawa na 12.5. Kwahiyo gari halijaharibika.

Leo nimelipeleka kwa fundi kwa jambo jingine, nilikuwa nahisi hita ukiiwasha asubuhi haichemki hata ukifika mjini. Kachomeka mashine ya kuskani, injini imetembea nusu saa lakini joto la maji linasoma 64. Akacheka. Akafungua, hakuna thamostati. Imetolewa. Na aliyeitoa sio yeye, ni fundi mmoja wa zamani sana, si unajua ile tabia, gari likichemsha mara moja tu wanang'oa thamostati wanakwambia "huku kwetu joto haihitajiki".

Ila thamostati kazi yake ni kufunga maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu. Isipokuwepo injini inatembea baridi siku nzima, kompyuta inaona baridi inadhani ndo kwanza umeamka, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada kama ya kuwashia asubuhi. Nimenunua mpya, gasketi yake, na kulenti maana kulikuwa na maji ya bomba tu yenye kutu. Hii sio tabia ya kuendesha najua, mradi ulikuwa wa mguu, ila siwezi kuiacha nje ya shajara.

Na imenifundisha kitu kuhusu safari fupi pia. Nilikuwa natoka asubuhi kununua mkate, narudi, gari linapoa, natoka tena kupeleka mtungi wa gesi, narudi. Kila safari injini inaanzia baridi. Sasa napanga, natoka mara moja nazunguka kote. Mkate nafuata kwa miguu, dakika nane.

20 Septemba

13 Septemba: km 218, lita 16.6
20 Septemba: km 209, lita 15.6

Jumla 13.3 kwa lita. Hii ni mjini, na foleni, na matuta, na mke na AC.

Tuiweke kwenye hela. Kwa mwezi natembea kama km 900. Kwa ile 10.2 ya mwanzo ni lita 88, kwa sasa ni lita 68. Lita 20. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na inapanda na kushuka, kwahiyo mi napiga kwa elfu tatu mviringo, ni kama elfu sitini kwa mwezi. Thamostati na kulenti zitajilipa zenyewe.

27 Septemba

Jaribio la mwisho nililokuwa nalitamani. Nina mteja Geita, duka la vitabu, nampelekea mzigo wiki hii na wiki ijayo, mzigo uleule karibu. Nikaamua leo niende kama watu wanavyoenda, barabara ikiwa wazi 100, 110, vijijini 50 kama kibao kinavyosema (tochi za trafiki za kupima spidi zipo, msijidanganye).

Km 236 kwenda na kurudi, lita 17.5. Yaani 13.5. Barabara ya wazi imenipa karibu sawa na Mkuyuni saa moja asubuhi. Gari dogo refu kwenda juu kama hili kwenye 110 linasukuma ukuta wa hewa.

4 Oktoba

Leo Geita tena, muda uleule, 80 haipandi hapo. Malori yalinipita. Basi lilinipita likanipigia honi ndefu ya dharau. Bibi mmoja niliyempa lifti toka Busisi kaniuliza "mwanangu, gari lina shida?" Nikamwambia hapana bibi, napima mafuta. Akasema pole.

Km 234, lita 14.3. Kumi na sita nukta nne!!

Mzigo wa hewa unakua kwa spidi mara spidi, kwahiyo 105 ukilinganisha na 80 ni mara 1.7, na mimi nilichotoa ni muda, dakika 20 hivi kwenda na dakika 20 kurudi. Kwa hizo dakika 40 nimepata lita tatu na kidogo. Kama mtu angenilipa hiyo hela nikae dakika 40 naangalia ziwa pale darajani ningekubali siku yoyote.

Kilichobaki kwenye orodha: tairi mbili za mbele zimeliwa upande wa ndani, lazima alaimenti (kunyoosha matairi), nimeweka miadi Jumanne. Plagi bado sijaangalia. Eya klina nimepuliza tu, nitabadili.

Shem kapiga simu saa hizi, ana harusi nyingine Igoma wiki ijayo. Nimemwambia gari lipo kwa fundi.